Tuzo kwa Kisichotokea: Kutambua Mafanikio ya Usalama na Afya Kazini katika Ujenzi, Huduma za Umeme na Maji, na Usafirishaji

Tangu mwaka 2003 Shirika la Kazi Duniani, ILO, limekuwa likiadhimisha tarehe 28 Aprili kuwa Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na tarehe hiyo haikuokotwa tu kwenye kalenda, kwa kuwa vyama vya wafanyakazi vya Amerika Kaskazini vilikuwa vimekwisha kuitenga tangu miaka ya 1980 kuwa siku ya kuwakumbuka waliouawa au kulemazwa na kazi. Katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, siku iliyoanza kwa maombolezo imekuwa pia siku ya tuzo: viongozi hutembelea mabanda ya maonyesho, hotuba husomwa, na waajiri waliofanya vizuri katika sekta zao huitwa mbele kupokea vikombe na vyeti. Mchanganyiko huu wa msiba na sherehe unastahili kuchunguzwa kuliko unavyochunguzwa, kwa sababu tuzo ya usalama haifanani na tuzo ya mauzo wala ya mavuno, ambazo hutolewa kwa kitu kinachoweza kupimwa kwa mizani na kuonyeshwa hadharani. Tuzo ya usalama hutolewa kwa jambo ambalo halikutokea, na hapo ndipo ugumu wake wote unapoanzia.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba tuzo ya aina hii huwa kipimo kabla haijawa heshima, na kwamba kile inachokihesabu ndicho ambacho wasimamizi na wafanyakazi watajifunza kukionyesha au kukificha. Sekta tatu zinachukuliwa kama uwanja wa uchunguzi, yaani ujenzi, huduma za umeme na maji, na usafirishaji, kwa sababu zinafanana katika uzito wa hatari zake lakini zinatofautiana katika jambo muhimu: kazi ya ujenzi huhamahama na kukatwa vipande vipande miongoni mwa makandarasi wadogo, kazi ya umeme na maji huwa na mwajiri wa kudumu na taratibu zilizoandikwa, na kazi ya usafirishaji hufanywa na mtu aliye peke yake barabarani, mbali na macho ya msimamizi yeyote.

Jamii imezoea kumheshimu mwokozi kuliko mzuiaji. Ndege ya shirika la Precision Air ilipotumbukia katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 na kuua watu 19, sifa za taifa zilikwenda kwa kijana mvuvi aliyewahi kufika kwa mtumbwi wake, akapewa fedha na ajira katika jeshi la zimamoto na uokoaji, na hakuna anayeweza kulaumu heshima hiyo. Hata hivyo mhandisi anayezuia ajali kwa kukataa kusaini kibali hana mtumbwi wa kuonyesha. Historia ya Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901, inalisema jambo hili kwa uwazi unaokaribia kejeli. Mhandisi John Henry Patterson aliwaua simba wawili wa Tsavo waliokuwa wakiwala vibarua wa reli hiyo mnamo Desemba 1898, na wafanyakazi wakamtunuku bakuli la fedha lililochorwa maneno ya shukrani, ambalo bila shaka ni mojawapo ya tuzo za kwanza za usalama kazini zinazojulikana katika ukanda huu. Hesabu ya shirika la reli iliwataja vibarua wa Kihindi 28 walioliwa na simba, mbali na Waafrika ambao hawakuandikwa. Lakini katika vibarua takriban 32,000 walioletwa kutoka India kwa kazi hiyo, karibu 2,500 walikufa kabla reli haijakamilika, sehemu kubwa kwa malaria, kuhara na maradhi mengine ya kambini. Aliyesimamia vyoo na maji safi, kama alikuwapo, hakupewa bakuli lolote, ingawa huenda aliokoa maisha mengi kuliko bunduki ya Patterson.

Ili kukwepa ugumu wa kutuza kisichoonekana, waajiri na watoaji tuzo wamekimbilia namba. Kipimo kinachotumika zaidi ni kiwango cha ajali zilizosababisha kupotea kwa muda wa kazi, yaani idadi ya majeraha yaliyomfanya mfanyakazi akose angalau zamu moja, ikigawanywa kwa jumla ya saa zilizofanywa kazi na kuzidishwa kwa saa milioni moja. Marekani hutumia saa 200,000, ambazo ni sawa na mwaka mzima wa kazi wa watu 100. Kipimo hiki kinavutia kwa kuwa kinaonekana kuwatendea haki wakubwa na wadogo kwa pamoja. Kwa bahati mbaya hakifanyi hivyo. Ichukuliwe kampuni ya ujenzi yenye wafanyakazi 200, kila mmoja akifanya kazi saa 2,000 kwa mwaka, ambazo jumla yake ni saa 400,000. Ikiwa hatari halisi ya kampuni hiyo ni ajali moja kwa kila saa milioni, basi wastani wa ajali zake kwa mwaka ni 0.4, na kanuni za kawaida za uwezekano zinaonyesha kwamba takriban miaka saba katika kila kumi itapita bila ajali hata moja. Kampuni jirani yenye ukubwa huohuo lakini yenye hatari maradufu itapata mwaka wenye sifuri mara nne au tano katika kumi. Jopo la waamuzi linalotazama sifuri mbili zilizowekwa mezani mwishoni mwa mwaka halina njia ya kujua ipi imetokana na jitihada na ipi imetokana na bahati. Tofauti hiyo hujitokeza wazi pale tu saa za kazi zinapofika makumi ya milioni, jambo ambalo makandarasi wengi wa Afrika Mashariki hawatalifikia katika uhai wote wa kampuni zao, na ikiwa kinachohesabiwa ni vifo badala ya majeraha, ambavyo kwa kawaida ni vichache zaidi, hata saa hizo hazitoshi.

Udhaifu wa kihesabu ungevumilika kama namba zenyewe zingebaki safi. Lakini tuzo ikishafungwa kwenye sifuri, kila jeraha linakuwa na bei, na anayelipa bei hiyo ni aliyejeruhiwa. Katika eneo la ujenzi ambapo kundi zima limeahidiwa zawadi likimaliza miezi kadhaa bila ajali, saidia fundi aliyekanyaga msumari hafikirii tu maumivu ya mguu wake, bali anafikiria pia macho ya wenzake watakaokosa zawadi kwa ajili yake. Naye msimamizi ana njia nyingi za kuisaidia namba, kama vile kumpeleka majeruhi katika zahanati ya binafsi bila kuandika fomu, kumweka akae stoo akihesabu mifuko ya saruji ili ionekane hajakosa zamu, au kumwambia kibarua wa siku kwamba kesho asije. Hakuna katika hayo kinachohitaji uovu mkubwa. Kinachohitajika ni tuzo iliyowekwa mahali pasipofaa.

Mfano unaotajwa kuliko yote unatoka nje ya sekta tatu zinazojadiliwa, lakini hauwezi kuachwa. Tarehe 20 Aprili 2010, wakati mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka katika Ghuba ya Mexico na kuua watu 11, viongozi wa kampuni ya BP na ya Transocean walikuwa ndani ya mtambo huohuo, na miongoni mwa yaliyowapeleka ni kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila ajali ya kupoteza muda wa kazi. Mwaka uliofuata Transocean iliutaja mwaka 2010 kuwa bora kwa usalama katika historia yake kwa mujibu wa vipimo vyake, ikawalipa wakuu wake bonasi, na baada ya kelele za umma wakuu hao wakazitoa bonasi hizo kwa mfuko wa familia za waliokufa. Mambo kama hayo yalikuwa yamekwisha kuonywa. Baada ya mlipuko wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City mwaka 2005, uliowaua watu 15, jopo lililoongozwa na James Baker lilieleza mwaka 2007 kwamba kampuni ilikuwa ikitazama kushuka kwa majeraha madogo ya mtu mmoja mmoja na kudhani kwamba mitambo nayo ni salama. Hatari inayokata kidole na hatari inayoangusha jengo hazina chanzo kimoja, na anayezipima kwa rula moja atapotea.

Swali la pili, ambalo kwa Afrika Mashariki pengine ni zito kuliko la kwanza, ni nani anayehesabiwa. Mkandarasi mkuu anayepanda jukwaani kupokea kikombe kwa kawaida ameajiri moja kwa moja wahandisi, wapima ardhi, waendesha mitambo na walinzi, ilhali kazi za kuchimba mitaro, kufunga nondo, kusimamisha majukwaa ya miti na kubeba zege zimegawiwa kwa mafundi wenye vikundi vyao vya vibarua wanaolipwa kwa siku. Saa za vibarua hao zisipoingia katika hesabu, majeraha yao nayo hayaingii, na kampuni inaweza kutangaza kwa dhamiri iliyotulia kabisa kwamba hakuna mfanyakazi wake aliyeumia. Wafanyakazi kutoka Kenya na Uganda waliokwenda nchi za Kiarabu za Ghuba wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Nchini Qatar, wakati wa maandalizi ya Kombe la Dunia la 2022, mabishano makubwa hayakuhusu tu idadi ya waliokufa bali ni vifo vipi vinavyostahili kuitwa vya kazini, kwa kuwa vijana wenye afya waliokutwa wamekufa vitandani baada ya kazi ya juani waliandikwa mara nyingi kuwa wamekufa kifo cha kawaida. ILO ilipokusanya takwimu za hospitali na za wizara kwa mwaka 2020 ilipata vifo 50 na majeraha makubwa zaidi ya 500, na ikasisitiza kwamba njia za kukusanya habari zenyewe zina mapengo.

Maradhi ndiyo pengo kubwa kuliko yote. Makadirio ya ILO yaliyotolewa mwaka 2023 yanasema kwamba takriban watu milioni 2.93 hufa kila mwaka kwa sababu zinazohusiana na kazi, na kati yao milioni 2.6 huuawa na magonjwa, si ajali. Vumbi la mawe na zege lenye silika, ambalo huyakaza mapafu polepole, haliharibu namba ya mwaka husika, na hata likiharibu, mwathirika atakuwa amehamia kwa mwajiri mwingine au amerudi kijijini. Handaki la Hawk's Nest katika jimbo la West Virginia, lililochimbwa kuanzia 1930 kwa ajili ya umeme wa maji, linabaki kuwa ushahidi mchungu: vibarua, wengi wao Wamarekani weusi waliotoka majimbo ya kusini, walikata mwamba wenye silika nyingi bila maji ya kutuliza vumbi, kampuni ikakiri vifo 109, na uchunguzi wa daktari Martin Cherniack uliochapishwa mwaka 1986 ukakadiria kuwa vilifika 764. Mradi huo ulikamilika. Kama tuzo za leo zingekuwapo, na kama zingetolewa siku ya uzinduzi, hakuna kipimo ambacho kingeizuia kampuni kushinda.

Katika ujenzi, basi, jambo la kutuza linapaswa kutafutwa juu zaidi ya kibarua na mapema zaidi ya siku ya ajali. Jengo la ghorofa 16 lililoporomoka likiwa linajengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, liliua watu 36, na jengo la Kariakoo lililoanguka tarehe 16 Novemba 2024, huku kazi za uchimbaji zikiripotiwa kuendelea katika sehemu yake ya chini, liliua zaidi ya 20. Helmeti na makoti ya kuakisi mwanga, ambavyo ndivyo hupigwa picha zaidi siku za ukaguzi na maonyesho, havina uwezo wowote mbele ya ghorofa inayoshuka. Hatari ya aina hiyo huzaliwa kwenye meza ya mchoraji, kwenye ofisi ya mwenye jengo anayetaka ghorofa za ziada, na kwenye mkataba unaompa kazi mzabuni wa bei ya chini kabisa, ambaye mara nyingi hupunguza kwanza fungu la usalama kwa kuwa ndilo halionekani kazi ikikamilika. Uingereza ilitambua hilo katika kanuni zake za usanifu na usimamizi wa ujenzi za mwaka 1994, zilizorekebishwa 2007 na 2015, kwa kumpa mwenye mradi na msanifu wajibu wa kisheria kuhusu usalama wa wajenzi. Matokeo yaliyoonekana zaidi yalikuwa miradi ya Olimpiki ya London ya 2012, ambapo kazi kubwa ya ujenzi wa viwanja ilikamilika bila kifo cha mjenzi hata mmoja; mamlaka iliyomiliki mradi ilikuwa imeweka masharti ya usalama tangu kwenye zabuni, ikaanzisha kliniki kwenye eneo la kazi, na ikahimiza kuripotiwa kwa matukio ya nusura, yaani yale ambayo yangeweza kuumiza lakini hayakuumiza. Kikombe cha ujenzi kingefaa kiwe na majina matatu: la mwenye mradi, la msanifu na la mkandarasi.

Huduma za umeme na maji zina faida ambayo ujenzi hauna, kwani mwajiri ni yuleyule mwaka hadi mwaka na kazi yenyewe hurudiwa. Fundi wa laini anayepanda nguzo ya kilovolti 11 au 33 analindwa na mlolongo wa hatua zinazojulikana kwa kila aliyepata mafunzo: laini huzimwa, swichi hufungwa kwa kufuli na kuwekwa lebo, nyaya hupimwa kuthibitisha kwamba hazina umeme, kisha huunganishwa na ardhi, na ndipo kibali cha kazi husainiwa. Kuunganisha na ardhi si mapambo ya utaratibu. Mteja mwenye jenereta iliyofungwa vibaya anaweza kurudisha umeme kwenye laini iliyozimwa, nao ukapandishwa na transfoma hadi volti za kuua. Kila hatua katika mlolongo huo inaweza kushuhudiwa, kukaguliwa bila taarifa na kuandikwa, kwa hiyo hapa tuzo haina haja ya kusubiri ajali ikosekane. Inaweza kutolewa kwa ukamilifu wa vibali, kwa idadi ya kaguzi za kushtukiza zilizokuta kazi imefanywa sawasawa, na kwa mara ambazo kazi ilisimamishwa kwa kuwa hatua moja ilikosekana.

Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kubwa na ndilo gumu kuliko yote. Umeme unapokatika usiku wa mvua, simu za wateja hazimpi fundi muda wa kwenda kuchukua kifaa cha kupimia kilichosahaulika ofisini. Mkataba wa ILO namba 155 wa mwaka 1981, katika kifungu chake cha 13, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali ambapo ana sababu za msingi kuamini kwamba pana hatari ya karibu na kubwa kwa maisha yake, na tangu Juni 2022 mkataba huo na ule wa namba 187 inahesabiwa miongoni mwa misingi ambayo kila nchi mwanachama inatakiwa kuiheshimu hata kama haijairidhia. Ulinzi wa sheria, hata hivyo, humfikia mtu baada ya kugombana na bosi wake. Shirika la umeme linaloweza kumtaja hadharani, mbele ya wenzake, fundi aliyeshuka nguzoni na kukataa kupanda tena, huku wateja wa mtaa mzima wakiwa gizani kwa saa mbili zaidi, linakuwa limewaambia wafanyakazi wake jambo ambalo mabango kumi ya ukutani hayawezi kulisema.

Upande wa majitaka unadai tahadhari dhidi ya ushujaa wenyewe. Gesi ya hidrojeni salfaidi inayojikusanya katika chemba na mashimo hunuka kama yai bovu ikiwa kidogo, lakini ikizidi huiua hisia ya kunusa kabla haijamwangusha mtu, hivyo anayetegemea pua yake hudanganyika. Taasisi ya taifa ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini iliripoti mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika maeneo ya aina hiyo walikuwa watu walioingia kuwaokoa wengine. Tuzo inayomsifu aliyejitosa shimoni kumfuata mwenzake, pasipo kusema neno juu ya kifaa cha kupimia hewa, kamba na tripodi ambavyo havikuwapo, inamwandaa marehemu wa tatu.

Usafirishaji ndio sekta ambayo tuzo za usalama zina ushindani mkali zaidi, kwa sababu dereva tayari ana mfumo mwingine wa kumtuza, wenye nguvu na wa kila siku. Dereva wa daladala hupeleka hesabu kwa tajiri jioni, na kinachozidi ndicho chake na cha kondakta. Wa matatu ana kiwango chake cha kufikisha. Dereva wa lori la mizigo ya kwenda nchi jirani hulipwa kwa safari, na kila saa anayolala Morogoro au Mariakani ni saa isiyolipwa. Abiria nao hutuza kwa namna yao, kwa kuwa basi linalosifika kuwahi kufika hujaa kabla ya mengine. Mbele ya malipo hayo, cheti cha dereva bora kinachotolewa mara moja kwa mwaka ni kitu chepesi. Kanuni zinazotaka mabasi ya safari zinazozidi saa nane yawe na madereva wawili, pamoja na mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi unaosimamiwa na mamlaka ya usafiri, LATRA, nchini Tanzania, zimegusa mzizi wa tatizo zaidi kuliko kampeni yoyote ya pongezi, na kampuni inayostahili kutambuliwa ni ile iliyobadilisha namna ya kulipa, kwa kumpa dereva mshahara usiotegemea idadi ya safari. Kuna jambo jingine linalopotosha hesabu: dereva au utingo anayekufa barabarani huandikwa na polisi wa usalama barabarani kama mmoja wa waliokufa katika ajali ya gari, na mara nyingi kifo chake hakifiki kabisa katika daftari la ajali za kazini.

Namna ya kuadhibu ni sehemu ya namna ya kutuza. Treni ya kampuni ya JR West iliyoacha reli huko Amagasaki, Japani, tarehe 25 Aprili 2005, na kuua watu 107 akiwamo dereva wake, ilikuwa imechelewa kwa takriban sekunde 90 baada ya dereva huyo kupitiliza kituo, na kampuni hiyo ilikuwa na desturi ya kuwapeleka madereva waliochelewa katika mafunzo ya kuwafedhehesha, yenye kufagia na kuandika maelezo ya kujilaumu. Kijana huyo wa miaka 23 aliingia kwenye kona kwa mwendo wa kasi, huenda akiwa na mawazo ya adhabu inayomsubiri. Usafiri wa anga ulikuwa umechagua njia nyingine miaka mingi kabla. Ndege ya TWA namba 514 ilipogonga mlima karibu na Washington tarehe 1 Desemba 1974 na kuua wote 92 waliokuwamo, iligunduliwa kwamba marubani wa shirika jingine walikuwa wamenusurika kufanya kosa lilelile katika njia ileile wiki chache kabla, na shirika lao likawaonya marubani wake peke yao. Mwaka 1976 ukaanzishwa mfumo wa kuripoti makosa kwa siri, ukawekwa chini ya NASA badala ya mamlaka inayotoa adhabu, na rubani aliyeripoti kosa lisilo la makusudi akapewa kinga dhidi ya baadhi ya adhabu. Kinga hiyo ni tuzo, ingawa haina kikombe, na ni tuzo kwa kusema. Kampuni ya mabasi au ya malori inayopokea ripoti nyingi za breki dhaifu, usingizi na nusura za kugongana, na kuzijibu kwa matengenezo, ina namba mbaya karatasini na usalama mzuri barabarani. Waamuzi wasiolielewa hilo watampa kikombe jirani yake aliye kimya.

Fedha pia zinaweza kutambua mafanikio. Tanzania ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa sheria ya mwaka 2008, na mfuko ukaanza kazi mwaka 2015, ukikusanya mchango wa waajiri wa sekta binafsi kwa asilimia ileile ya mishahara, awe mwajiri ni benki au mkandarasi wa barabara. Ujerumani, iliyotunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, huwapanga waajiri kwa kiwango cha hatari cha shughuli zao na kuwaongezea au kuwapunguzia mchango kulingana na ajali zao. Wazo la kupunguza mchango kwa wenye ajali chache linavutia, lakini ripoti ya profesa Harry Arthurs iliyoandikwa mwaka 2012 kwa ajili ya jimbo la Ontario, Kanada, ilionya kwamba mfumo wa aina hiyo unaweza kuwashawishi waajiri kuzuia madai ya fidia badala ya kuzuia ajali. Njia yenye madhara machache inaonekana katika chama cha bima cha ujenzi cha Ujerumani, ambacho huchangia gharama za mwajiri anayenunua ngazi salama zaidi, mashine za kufyonza vumbi au vizuizi vya kuzuia watu wasianguke. Hapo kinacholipiwa kinashikika kwa mkono.

Kuhusu waamuzi, yapo machache ya kusema. Tuzo za Uingereza za RoSPA, zilizoanza 1956, na Upanga wa Heshima wa British Safety Council, ulioanza 1979 na ambao hushindaniwa na waliopata kwanza nyota tano katika ukaguzi, zina ubora wa kuangalia mifumo na si ajali peke yake, lakini maombi huandikwa na kampuni zenyewe, na kampuni yenye idara ya mawasiliano huandika vizuri kuliko mkandarasi wa daraja la chini. Mpango wa hiari wa usalama kazini wa Marekani ulioanza 1982 huwaondolea waliotambuliwa kaguzi za kawaida zilizopangwa, na ofisi ya ukaguzi ya bunge la nchi hiyo ilibaini mwaka 2009 kwamba baadhi ya maeneo yaliyotokea vifo yaliendelea kubaki ndani ya mpango. Mamlaka inayokagua, kutoza faini na kutoa tuzo kwa mtu yuleyule inajiweka katika hali ngumu, kwa maana mkaguzi anayemkuta na kosa mshindi wa mwaka jana anakuwa anaikosoa pia ofisi yake. Angalau vitu vitatu vinaweza kupunguza ugumu huo: fomu ya maombi isainiwe na kamati ya usalama, ambayo nchini Kenya sheria ya mwaka 2007 inaidai mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi, na wawakilishi wa wafanyakazi wahojiwe bila mwajiri kuwapo, na tuzo iwe na muda, inayoweza kunyang'anywa hadharani kama ilivyotolewa.

Hata mpangilio huo mzuri unaacha nje kundi kubwa. Dereva wa bodaboda, fundi umeme wa mtaani anayeunganisha nyumba bila mkataba, na kibarua anayesimama asubuhi kijiweni akisubiri kuchukuliwa hawana mwajiri wa kuitwa jukwaani, na sheria nyingi za usalama kazini zimeandikwa kana kwamba kila mfanyakazi ana mwajiri. Kwa bodaboda waliojiunga na programu za simu, tathmini pekee ya kazi yao inayotolewa kila siku ni nyota anazogawa abiria, ambaye hupima kama amefika haraka na kwa bei nafuu, na ambaye ni nadra kumpunguzia nyota dereva aliyevuka taa nyekundu ili kumwahisha. Chama cha bodaboda cha kituo kinaweza kutoa helmeti ya pili kwa abiria, kinaweza kumsimamisha mwanachama anayebeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja kwa pikipiki, na kinaweza kukubaliana na kampuni ya bima kuhusu punguzo kwa kituo chenye kumbukumbu za matengenezo ya pikipiki. Lakini ili kituo hicho kitambuliwe, mamlaka za kazi zingelazimika kwanza kukubali kwamba kijiwe ni mahali pa kazi na kwamba ajali za hapo ni za kuandikwa katika daftari lao.